Filimbi ya Simba

Jumanne, 4 Machi
Mvua tangu alfajiri. Meza imejaa vikorokoro vya filimbi ya kumwitia Simba, mbwa wangu. Chipu ya 555 ninayo. Kapasita ya nanofaradi 1, rezista ya kiloomu 1, nyingine ya 10, na volyumu ya kiloomu 50 niliyoing'oa kwenye redio iliyokufa. Nimepiga hesabu nyuma ya risiti: nikizungusha mwisho huku, mitetemo kama 12,000 kwa sekunde, mwisho kule, karibu 68,000. Mtu mwenye masikio mazima anaishia 20,000. Mbwa anafika 45,000 hivi. Nafasi ipo, tena tele.

Alhamisi, 6 Machi
Nimechomelea. Risasi imeniunguza kidole gumba, si kitu. Spika ya kawaida haifiki huko juu, nimeweka twita ya piezo. Betri ya volti 9. Mita inasoma 25,000. Nabonyeza: kimya. Nabonyeza tena: kimya. Fundi redio miaka yote hii, leo kazi yangu mwenyewe siisikii! Inaudhi.

Jumamosi, 8 Machi
Neema kaja. Nimemsimamisha mlangoni, Simba kalala barazani. Nikaanzia chini. 12,000: nasikia, kwa mbali. 13,000: kwangu kwisha. Neema kaziba masikio. "Babu, zima, inaumiza!" Nikapandisha. Kwenye 19,000 akashusha mikono: "Umezima?" Sijazima. Simba masikio wima, kichwa upande. 30,000, bado yuko vilevile. Nimecheka peke yangu mpaka Neema kaniuliza kulikoni.

Jumapili, 9 Machi
Mama Asha kapata habari. Anataka ya kufukuzia mbu, hela anatoa leo leo. Hela naihitaji, lakini hapana. Mbu hawaijali sauti hiyo. Watafiti wa Cochrane walikusanya majaribio ya vifaa vya namna hiyo mwaka 2007, hakuna lililoonyesha kwamba vinapunguza kuumwa. Nikamwambia, "Mama Asha, tundika chandarua." Kaondoka kanuna. Anadhani nambania.

Jumatano, 12 Machi
Simba leo hata hakugeuka. Nabonyeza, yeye anajikuna. Kashaizoea! Nimekaa nikiwaza habari za Galton, yule Mwingereza wa filimbi ya 1876. Alikuwa akipita kwenye bustani ya wanyama London na fimbo yenye filimbi, kutazama nani atatega sikio. Kutega sikio, basi. Kuja ukiitwa ni habari nyingine.

Jioni nikabadili. Nabonyeza, kipande cha utumbo. Nabonyeza, utumbo. Kufika magharibi alikuwa anachomoka mbio kutoka migombani, mimi sijafungua mdomo.

Basi ndiyo hivyo: sauti peke yake haimwiti mbwa, hata uipandishe wapi. Kesho buchani mapema, utumbo unawahi kwisha. Betri bado nzima.