Kosa Lilikuwa Miguuni

Ukiniona jioni kwenye steji ya Kencom, mkoba begani, nikingoja matatu ya Kawangware, hutadhani mimi ni mlenga shabaha. Nilivutiwa na michezo ya shabaha mwaka 2016, Shehzana Anwar, mpiga upinde wetu, alipobeba bendera ya Kenya kwenye Olimpiki ya Rio. Mimi nilichagua bastola ya upepo: hushikwa kwa mkono mmoja tu, shabaha iko mita 10, na duara la alama kumi lina upana wa milimita 11.5.

Miezi mingi risasi zangu zilikwenda kushoto. Nikailaumu bastola, nikakaribia kuacha mchezo niliougharimia kwa akiba ya mwaka mzima. Kumbe mchagua jembe si mkulima! Kocha hakuutazama mkono wangu, alitazama miguu.

"Dada, umeegemea upande mmoja kana kwamba bado umebeba mkoba," akasema.

Akaniambia nitenganishe miguu kwa upana wa mabega, nifumbe macho, niinue mkono, kisha nifumbue. Bastola ilielekea kushoto. Nilipotaka kuivuta, akanikataza: "Sogeza mguu wa nyuma." Nikausogeza kidogo, na mkono ukafika wenyewe mahali pake.

Mkono unaolazimishwa huchoka, na ukichoka hurudi ulikotoka. Jaribu leo hapo nyumbani, hata kwa kidole. Na huo mkoba, uhamishie bega la pili. Mimi wangu nimeshauhamisha.