Kutoka Black Mamba hadi Baiskeli ya Gia: Ufundi Ulivyobadilika Meru na Embu

Nilipokuwa mtoto Imenti Kusini, miaka ya 1980, baiskeli tuliyoijua ilikuwa Black Mamba. Zilikuwako Raleigh za Uingereza, Hero za India na Phoenix za China, lakini zote tuliziita kwa jina hilo moja, na zote zilifanana: fremu nyeusi ya chuma kizito, magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma virefu badala ya waya, na keria pana nyuma. Keria hiyo ililisha nyumba nyingi. Ilibeba mitungi ya maziwa alfajiri, mikungu ya ndizi siku ya soko, na msimu wa mavuno ikabeba magunia ya kahawa mbichi hadi kiwandani.

Asiyeijua nchi yetu anaweza kudhani kwamba mwenye baiskeli aliiendesha safari nzima. Miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya imekatwakatwa na mito: Rupingazi, Thuci, Nithi, Mutonga, Thingithu, Kathita. Atokaye Embu kwenda Meru kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu hushuka bonde, akavuka daraja, akapanda tena, na kabla hajapumua bonde jingine linamngoja. Baiskeli ya baba ilikuwa na meno 44 mbele na 18 nyuma. Kila ukizungusha pedeli mara moja, gurudumu lilizunguka karibu mara mbili na nusu. Kwenye tambarare za Mwea hesabu hiyo ni nzuri. Ukipanda kutoka mtoni na gunia nyuma, hakuna mguu unaoiweza. Baba alishuka akasukuma, nasi watoto tukashika keria tukamsaidia.

Fundi wetu alikaa kando ya soko la Nkubu. Alikuwa na spana bapa yenye matundu mengi, nyundo, koleo, kipande cha msasa, sulesheni, beseni la maji na mkebe wa grisi. Vifaa hivyo vilimtosha, kwa kuwa ugonjwa wa Black Mamba ulikaa pale pale penye kelele. Pedeli ikigonga kila mzunguko, kotapini imelegea. Aliipiga nyundo ikaingia. Gurudumu likiyumba, alitafuta spoki iliyokatika. Usukani ukikwama, aliufungua akakuta gololi zimekauka au zimevunjika. Pancha aliitafuta kwa kuzamisha tyubu majini na kufuata mapovu. Alikuwa fundi hodari, na mashine aliyoitunza ilikuwa na wema mmoja: kila kifaa kilifanya kazi yake peke yake. Ukitengeneza kimoja, hukisumbui kingine.

Baiskeli za gia zilipokuja, utaratibu huo ulivunjika.

Zilizaliwa mbali nasi. Katika miaka ya 1970, kwenye vilima vya Marin kule California, vijana walichukua baiskeli kuukuu zenye matairi manene wakawa wanashuka nazo njia za vumbi, kisha wakaanza kuzifungia gia na breki bora ili waweze pia kupanda. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ilitoa Stumpjumper, mojawapo ya baiskeli za mlima za kwanza kutengenezwa kwa wingi, na mwaka 1996 mbio za baiskeli hizo zikaingia kwenye Olimpiki za Atlanta. Kwetu nilianza kuziona katika miaka hiyo ya 1990: mitumba ya Ulaya iliyoshushwa Mombasa, na mpya za bei nafuu kutoka Asia zilizofanana nazo kwa sura. Kijijini, wa kwanza kuwa nayo alikuwa mwalimu wa sekondari. Alipanda kilima cha mtoni akiwa amekaa kitini, na watu waliacha majembe wakamtazama. Siri ilikuwa kwenye meno: 22 mbele na 34 nyuma. Kwa hesabu hiyo mzunguko mmoja wa pedeli hausogezi gurudumu hata mzunguko mmoja kamili. Huenda kama theluthi mbili tu. Unakwenda polepole, lakini unapanda.

Yangu niliipata nilipoanza kazi Embu. Baada ya msimu wa kiangazi cheni ikaanza kuruka, na kila mara iliruka mlimani, mguu ukiwa umebeba uzito wote. Fundi wa kwanza aliniwekea cheni mpya. Ikaruka zaidi ya ile ya zamani. Nikaipeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa na kibanda karibu na stendi ya Embu. Nilitarajia achukue spana, lakini alianza kwa maswali.

"Inaruka gia zote au baadhi?"

"Baadhi tu, mzee. Hizi za katikati ninazozitumia kila siku."

"Na ukikanyaga taratibu?"

"Hairuki."

"Basi, kijana wangu, cheni haina kosa. Meno yameisha."

Akaazima tepu kwa fundi cherehani jirani yake, akainyoosha ile cheni yangu ya zamani mezani na kunifunza kipimo ambacho nimekitumia tangu siku hiyo. Cheni ya baiskeli, iwe ya Black Mamba au ya gia, ina nusu inchi kutoka pini hadi pini. Kwa hiyo viungo 24 vya cheni mpya ni inchi 12 kamili. Vikizidi kwa 1/16 ya inchi, badilisha cheni peke yake na meno yatasalimika. Vikizidi kwa 1/8, meno nayo yameshachongeka kwa kuifuata cheni iliyolegea, na cheni mpya haiwezi tena kuyakalia. Chuma chenyewe hakivutiki. Pini ndizo zinazolika kwa ndani, na kwetu zinalika haraka kwa sababu vumbi letu jekundu likichanganyika na mafuta huwa msasa. Cheni yangu ilikuwa imepita 1/8. Nilinunua friwili mpya, yaani seti ya meno ya nyuma, na kuruka kukakoma.

Hapo ndipo nilipoona jinsi kazi ya fundi ilivyokuwa imebadilika. Kwenye baiskeli ya gia, kelele na chanzo chake hukaa mbali mbali. Cheni inayoruka inaweza kuwa inalia kwa ajili ya meno, waya uliokwama ndani ya ala yake, au kichuma kidogo kilichopinda nyuma ya fremu. Kubadilisha kifaa kinachopiga kelele ni kumlipisha mwenye baiskeli kwa ajili ya kifaa kizima. Fundi wa sasa lazima aulize kabla ya kufungua.

Yule mzee alikuwa na maswali yake, nami nikayarithi. Baiskeli inalia unapokanyaga, au hata ukiacha? Ikilia hata miguu ikitulia, tazama magurudumu na breki. Ikilia ukikanyaga tu, tazama pedeli, kranku na gololi za kati. Ikinyamaza unaposimama juu ya pedeli, kagua kiti na nguzo yake kabla ya kugusa kranku. Kwa maswali hayo fundi hutenga nusu ya baiskeli bila kufungua nati hata moja.

Ugonjwa mwingine uliowatesa wengi ni gia zinazotii baiskeli ikiwa imeinuliwa kibandani lakini zinakataa njiani. Nyuma, pale dereila, yaani kifaa kinachohamisha cheni kutoka gia moja hadi nyingine, inaposhikana na fremu, kuna kichuma laini kilichowekwa makusudi kipinde ili fremu na dereila visivunjike. Baiskeli ikiangukia upande wa kulia, au ikilazwa kwenye paa la matatu chini ya magunia, kichuma hicho hupinda kidogo sana. Ukiwa nyuma ya baiskeli, dereila inapaswa kuning'inia sambamba na meno. Ikielekea kwenye spoki, usiguse kitu kingine mpaka ukinyooshe kichuma hicho. Nimeona watu wakizungusha zile skrubu mbili ndogo zenye herufi H na L wakitumaini kurekebisha gia. Kazi ya skrubu hizo ni kuweka mipaka tu: H huizuia cheni isianguke nje ya duara dogo kabisa la meno, na L huizuia isiingie kwenye spoki. Ukiilegeza L wakati kichuma kimepinda, dereila itaingia kwenye spoki ukiwa katikati ya mlima, na gharama yake ni gurudumu zima.

Kisha mafundi wenyewe wakapungua. Mwaka 2008 Serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo za chini ya cc 250, bodaboda zilijaa Meru na Embu kwa muda mfupi. Siwalaumu mafundi waliohama: pikipiki ina wateja kila siku na inalipa. Lakini rafu zilizokuwa na spoki, gololi na friwili zikajaa plagi na vioo vya pembeni, na kijana aliyetaka kujifunza baiskeli akakosa wa kumfunza. Waliobaki na baiskeli za gia walilazimika kuwa mafundi wa baiskeli zao wenyewe.

Hapo mimi na wenzangu tulijifunza mengi, na la kwanza lilikuwa breki. Bonde la Nithi halina msamaha. Julai 2022 basi lilitumbukia mtoni pale darajani na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Ajali nyingi zimetokea mahali hapo kabla yake. Mwendesha baiskeli anayeshuka bonde hilo huku amebana breki mfululizo huichemsha rimu mpaka tyubu inaweza kupasuka, na mwenye breki za diski huunguza pedi mpaka zinang'aa na kuteleza. Bana kwa nguvu kwa muda mfupi, achia, kisha bana tena, ukitumia zote mbili. Wakati wa masika, tope jekundu hula mpira wa breki na rimu kwa pamoja. Ukiona mfereji uliochorwa kuzunguka rimu kama kipimo cha uzima wake umefutika, rimu hiyo imekwisha.

La pili lilikuwa matairi. Juu kwenye chai, Kionyo au Mungania, adui ni utelezi. Ukishuka kuelekea Siakago na Kiritiri katika nchi ya Mbeere, adui ni mbigili na miiba ya migunga. Tairi lisilo na tyubu, lenye maji ya kuziba ndani, linapita kwenye mbigili bila kusimama, ila joto la Mbeere huyakausha maji hayo baada ya miezi michache, na asiyeongeza huwa amebeba utando mkavu tu. Upepo nao una kipimo chake. Wengi hujaza mpaka tairi liwe gumu wakiamini litakimbia. Kwenye mawe tairi gumu hurukaruka, na kila mruko hula nguvu ya mguu. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi nene la inchi 26 na tyubu, pauni 30 hadi 35 zinatosha njia ya udongo. Lami inataka zaidi.

La tatu lilikuwa kutambua kwamba uzito wa safari una sababu zake. Kabla ya kusema umechoka, inua gurudumu ulizungushe: breki inayogusa rimu hukufanya upande mlima mara mbili. Kagua kiti: kisigino kikiwa juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Kiti kifupi huua magoti. Shokabsoba ya bei nafuu inayobonyea kila unapokanyaga hula jasho lako. Na kama umefika lango la Chogoria, karibu mita 3,000 juu ya bahari, jua kwamba mgandamizo wa hewa pale ni kama asilimia 70 ya ule wa Mombasa. Hapo baiskeli ni nzima. Mapafu yanadai muda.

Leo baiskeli hizi zina heshima mpya. Upande wa Timau hupita mashindano ya 10to4, yanayoshuka kutoka futi 10,000 mlimani hadi futi 4,000 ili kuchangia uhifadhi wa Mlima Kenya. Kule Kikuyu, David Kinjah na kundi lake la Safari Simbaz wamewalea vijana kwa kuwafunza kuendesha na kutengeneza kwa pamoja, na kwake ndiko alikoanzia Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017. Sidhani kuendesha na kutengeneza ni mambo yanayotengana. Anayejua kwa nini baiskeli yake inalia ndiye anayejua nguvu zake zinapotelea wapi.

Kwa hiyo nina ombi kwa serikali za kaunti za Meru, Tharaka Nithi na Embu, ambazo ndizo zinazosimamia vyuo vya ufundi vya vijana. Ufundi wa pikipiki una nafasi yake vyuoni. Upeni ufundi wa baiskeli nafasi pia, tena wenye vipimo na maswali. Vifaa vyake ni vya bei ndogo, na milima yetu haitakosa wateja. Nawe msomaji mwenye baiskeli, kabla hujanunua kifaa kipya, osha cheni, ipime kwa tepu ya inchi, zungusha magurudumu, tazama dereila kutoka nyuma, kisha ndipo uamue. Mara nyingi utakuta kilichohitajika ni tambara, mafuta kidogo na nusu saa ya kuchunguza.