Nasikia Umeacha Kazi

Barabara ya 9, Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Baba yako miguu inamsumbua kama kawaida yake masika yakiingia, dada yako kajifungua salama, mtoto wa kike. Mengine utayasikia kwa wenyewe. Mimi nimeshika kalamu kwa jambo moja: nasikia umeacha kazi ya ghalani.

Sikutaka kuamini. Nilimuuliza binamu yako wa Birmingham, akaanza kuzungukazunguka, nikajua kuna neno. Mwisho akasema unalala mchana, usiku kucha unacheza poka kwenye kompyuta, meza nne kwa mpigo, na kwamba umemkopa pauni 400. Nilipokupigia hukupokea. Ukanitumia ujumbe wa sauti mrefu kama hotuba, kunieleza kwamba poka si kamari, ni hisabati.

Unamwambia nani, mwanangu? Nani aliyekukalisha jamvini ukiwa darasa la sita, akakufundisha kuhesabu uwezekano kwa dadu mbili za ludo? Nimefundisha hisabati sekondari mpaka nimestaafu. Baba yako, aliyesema mtoto wa kike asomeshwe hesabu za nini, leo ndiye anayeniletea karatasi zake za benki nimsomee. Kwa hiyo habari ya haramu siirudii, ulifundishwa chuoni na unaijua. Tuizungumze hiyo hisabati yako.

Nusu nakubaliana nawe. Unacheza na watu wenzako, na anayejua kuhesabu, akipewa muda, humshinda asiyejua. Mfano ulionipa ulikuwa safi: una kopa nne, unangoja ya tano, na imebaki karata moja kufunuliwa. Kopa zilizobaki ni 9 katika karata 46 usizoziona, pungufu kidogo ya moja kwa tano. Mezani pana pauni 60, mwenzako ameongeza 30. Ukimfuata unalipa 30 kugombea fungu litakalokuwa 120, kwa hiyo ungehitaji angalau nafasi moja kwa nne. Huna, unatupa karata. Vema, nakupa alama zote. Sasa nijibu hili: saa tisa ya usiku, umetoka kufungwa mara tatu mfululizo na mtu usiyemjua hata sura, aliyebahatisha tu, karata zile zile unazitupa?

Babu yako, yaani baba yangu, aliyaona haya kwa macho yake. Alikuwa mhudumu wa baa katika klabu ya wenye mashamba ya mkonge, hapa hapa Tanga, wakati wa vita vya Korea, bei ya mkonge ilipopanda mpaka mabwana wakawa hawajui pesa waifanyie nini. Walimwita boi na ndevu zake zina mvi, na mlango wa mbele hakuruhusiwa kuukanyaga. Lakini Jumamosi usiku alisimama nyuma ya meza ya poka na sinia mkononi, macho kwenye sinia, maana mchezaji mmoja aliwahi kulalamika kwamba uso wa boi unasema karata za watu.

Alikuwapo Mgiriki mmoja mwenye shamba upande wa Pangani, fundi kuliko wote. Baba hakusoma, ila aliijua sababu ya ufundi wake: yule mtu alikuwa akitupa karata. Mikono kumi akigawiwa, saba anairudisha bila kuweka hata senti, huku mkono wake wa kushoto unahesabu shanga za ile tasbihi ya Kigiriki wanayochezea wazee wao, tik, tik, tik. Wenzake wanacheka, wanakunywa, wanapoteza. Yeye asubuhi anaondoka na pesa zao.

Usiku mmoja akapata ree tatu na wazungu wa nne wawili. Mkono kama ule mtu hautupi, na hakukosea kuucheza. Aliyekaa mbele yake akafunua saba nne. Baraza zima likapiga kelele. Mgiriki hakusema kitu, hata hakukunja uso. Akaichukua tasbihi yake akaitia mfukoni.

Baba alisema, tasbihi ilipoingia mfukoni alijua. Kutoka hapo yule bwana hakutupa karata tena. Kila mkono anaingia. Akiwa na jozi ya mbili anaingia, hana kitu anaingia, na anamwandama yule yule aliyemfunga, kana kwamba wengine hawapo mezani. Pesa taslimu zikaisha, akaandika karatasi. Kulipopambazuka lori lake la Bedford lilikuwa la mtu mwingine. Halafu likaja jambo ambalo Baba halikumtoka mpaka anaingia kaburini: yule bwana, akitoka, alimpa noti ya shilingi 20. Hajawahi kumpa hata senti kumi. Baba alisema aliipokea kwa mikono miwili, lakini aliona kwamba kwa mtu yule saa ile noti ilikuwa karatasi tu, na hilo lilimtisha kuliko lori.

“Mkono mmoja alipokonywa na bahati,” Baba alikuwa akisema, “iliyobaki aliitoa mwenyewe.”

Yule Mgiriki hakusahau hesabu usiku ule. Alizijua saa mbili usiku na alizijua alfajiri. Kilichomtoka ni uwezo wa kuzitii. Nawe hesabu unazo, nimekupa mimi, lakini huo uwezo wa kuzitii sijawahi kuuona kwako. Ulipokuwa unacheza gololi na watoto wa Barabara ya 12 ulikuwa ukila zao mpaka alasiri, kisha wakila moja ya kwako, hurudi nyumbani mpaka umemaliza zote na magharibi imeadhiniwa. Nani alikuwa anatumwa kukufuata?

Tena yule Mgiriki alikuwa na nafuu usiyokuwa nayo. Klabuni pale, mpaka karata zichangwe, zikatwe, zigawiwe, na Baba amimine vinywaji, kwa saa moja hawakuzidi mikono 30. Hasira ilikuwa na muda wa kupoa. Wewe na meza zako nne kwa saa unapitisha zaidi ya 200. Ree mbili humwangukia mtu mara moja katika mikono 221, kwa hiyo wewe unazipata kila saa au karibu yake. Na ree mbili zikipambana na wazungu wa nne wawili hushindwa kama mara 18 katika 100. Huo si uonevu wala hujuma ya kampuni, ndivyo karata zilivyo. Maana yake ni kwamba pigo alilolipata Mgiriki mara moja katika miaka, wewe unakutana na ndugu zake kila wiki, uko peke yako chumbani, hakuna hata boi wa kukutazama. Na pesa ni tarakimu kwenye kioo, ambazo hata kuwa karatasi hazijafika.

Mwenye meza naye umemsahau katika hotuba yako. Kwenye meza ndogo hukata kama asilimia 5 ya kila fungu. Wakae wawili wenye akili sawa wacheze mpaka asubuhi, kwa wastani wote wawili watainuka wamepungukiwa.

Ukanitajia Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee aliyeanza na mchuano wa mtandaoni wa dola 86, akaondoka Las Vegas mwaka 2003 na dola milioni 2.5. Ni kweli. Mashindano yale ya Las Vegas waliingia watu 839, wewe unalijua jina la mmoja. Tena hiyo ilikuwa 2003, mtandaoni kulikuwa kumejaa wanaojifunza. Januari 2017 kule Pittsburgh programu iitwayo Libratus ilicheza mikono 120,000 na mafundi wanne wanaoishi kwa mchezo huo, ikawashinda. Mwaka 2019 ikaja nyingine, Pluribus, inayoweza meza ya watu sita. Kampuni zinapiga marufuku kutumia programu za namna hiyo mezani, lakini aliyeko upande wa pili humwoni.

Pesa usizilaze huko. Aprili 2011 serikali ya Marekani ilipozivamia kampuni kubwa za poka, Wamarekani waliokuwa na akiba zao Full Tilt, mojawapo ya hizo, walianza kulipwa 2014.

Usicheze umekunywa. Najua unakunywa.

Binamu yako mrudishie pauni zake 400 kabla ya Ramadhani. Wasimamizi wa kamari wa huko Uingereza wamekataza tangu 2020 mtu kuchezea kamari kwa kadi ya mkopo, na naona ndiyo maana ukamgeukia yeye. Ana watoto watatu. Na ukiona umeshindwa kujizuia, kuna huduma yao iitwayo GAMSTOP, unajiandikisha mwenyewe, nao wanakufungia kucheza mtandaoni miezi sita, mwaka, au miaka mitano. Ni yeye aliyeniambia, kwa hiyo ujue anakuwaza.

Lakini kazi, mwanangu, uliiacha ya nini? Nauli yako ya kwenda huko ni shamba la minazi la Tongoni, ambalo baba yako aliliuza bila kuniuliza nami nina haki mle. Nilinyamaza kwa sababu ni wewe. Kampigie msimamizi wako, omba hata zamu tatu za wiki. Poka usiku wa Jumamosi, ukiwa na mshahara mfukoni, nitaikasirikia lakini nitalala. Poka ya kodi ya nyumba silali.

Unasema unapata faida. Basi nataka kuiona. Programu unayochezea inaweka kumbukumbu ya kila mkono. Nitumie yote tangu siku ya kwanza, pamoja na kila pauni uliyoweka, kila uliyotoa, na saa ulizokaa, kisha nipangie peke yake mikono iliyofuata baada ya kila pigo kubwa. Usiniondolee usiku wowote. Mpe binamu yako achapishe, kuna mtu anakuja Tanga mwisho wa mwezi. Kalamu nyekundu ninayo bado.

Shangazi yako