Nyumba Iliyopanda Ngamia

Mama mmoja anayeuza vitunguu sokoni Rhamu, kaskazini mashariki mwa Kenya, karibu na Mto Daua, hutaja ukoo kabla ya jina lake. Ni Mgarre, wa jamii ya wafugaji wa ngamia waliohamahama kati ya mto huo na visima vya El Wak.

Babu yake alikua Waingereza wakiwa wameshaifunga NFD, wilaya ya mpaka wa kaskazini. Mtu hakutoka wala kuingia bila kibali, na kwa sheria ya wilaya maalumu ya mwaka 1934, mmoja akikosa, mifugo ya ukoo mzima iliweza kukamatwa. Mzee huyo hakuwahi kumtaja gavana yeyote. Aliowakumbuka ni madubasi, askari wenye vilemba vyekundu, wakiswaga ngamia wa watu.

Kwa bibi yake hadithi ilikuwa nyingine: nyumba. Nyumba hiyo, herio, ilikuwa mali ya mwanamke. Mikeka yake ilisukwa na mama wa bibi harusi na jamaa zake wa kike, na siku ya kuhama mke mwenyewe aliibomoa, akazifunga fito zilizopinda mgongoni mwa ngamia hadi zikawa kitundu cha kumkinga mtoto na jua. Vibuyu vya maziwa, vilivyofukizwa moshi, vilining'inia ubavuni. Wawili wakigombana, aliyelala nje ni mume.

Kisha ikaja hali ya hatari ya Desemba 1963. Wakati wa vita vya shifta, dhidi ya waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia, serikali iliwakusanya wafugaji katika vijiji vilivyolindwa, na ngamia wengi wakatwaliwa au kupigwa risasi. Makubaliano ya Arusha ya 1967, kati ya Kenya na Somalia, yalizima vita, lakini aliyepoteza ngamia angehama na nini? Mama wa muuza vitunguu alishusha herio karibu na Rhamu, na haikupanda ngamia tena. Mwaka 1977, wanajeshi wa Somalia walipoishambulia Rhamu, familia ilikimbia kwa miguu. Sheria za hali ya hatari zenyewe ziliondolewa mwaka 1991 tu.

Leo muuza vitunguu anaishi kwenye nyumba ya mabati, imara kuliko herio, lakini yenye joto kali adhuhuri. Ila barua ya ploti ina jina la mume, naye haoni ajabu yoyote. Mkewe anaiona. Faida ya vitunguu anaipeleka kwenye chama cha akina mama. Akipata ploti, anataka barua yake iandikwe jina lake.