Mafundi wa Viti wa Katwe

Ashukaye kutoka Mnara wa Saa wa Kampala kuelekea Kibuye huiacha Nsambya, yenye kambi ya polisi, upande wa kushoto, na upande wa kulia huikuta Katwe. Masikio hufika kabla ya macho, kwa kelele za nyundo juu ya bati na mashine za kuchomea vyuma. Kwa miaka mingi mtaa huu umesifika kwa mafundi wake, watengenezao sigiri, sufuria, mageti, na kila kipuri ambacho mwenye duka la mjini amesema hakipatikani tena. Kati yao, penye kivuli cha turubai, wameketi watu wenye cherehani na visu virefu. Hao ni mafundi wa viti. Hushona viti vya magari na sofa pia, lakini vile virundikavyo mbele ya vibanda vyao ni viti vya pikipiki.

Kazi hiyo ina ukoo wake. Huko Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, katika miaka ya 1960 vijana walianza kuwavusha wasafiri kwa baiskeli kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine, na neno la Kiingereza la mpaka likazaa jina la boda boda. Juu ya chuma cha kubebea mizigo walifunga mto ulioshonwa, kwa kuwa hakuna abiria ambaye angelipa nauli mara ya pili baada ya kukalia chuma kitupu. Katika miaka ya 1990 pikipiki zilianza kuchukua mahali pa baiskeli, na mto ule ukawa kiti kirefu cha watu wawili. Kiwanda hutengeneza kiti kimoja kwa wanunuzi wote, warefu na wafupi, wa lami na wa makorongo. Mwendesha boda boda, akikaa juu yake tangu alfajiri mpaka usiku, ndiye ajuaye tofauti.

Mteja mgeni hutazama ngozi kwanza. Zimetundikwa nyekundu, za buluu na za rangi mbili, nyingine zimetiwa nembo za vilabu vya mpira. Nakshi hizo hazina ubaya, ila mgongo hauzioni. Siri ya kiti imo ndani. Mifupa miwili ya makalio hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mpandaji, na sponji laini sana huipokea kwa upole pale kibandani, kisha baada ya saa moja barabarani hulala kabisa na mifupa ikagonga bamba la chini. Fundi ajuaye kazi huweka sponji ngumu chini, na juu yake tabaka jembamba lililo laini zaidi. Nyuma hupaacha papana. Mbele, penye tangi, hupapunguza ili miguu ifike chini. Tena huhakikisha kwamba kiti hakiinami mbele, maana kikiinama, kila breki humtupa mpandaji juu ya tangi, na wanaume waliopatwa na hayo hawahitaji maelezo.

Wapo pia wajazao vipande vya magodoro makuukuu. Mkono hauwezi kuvigundua ngozi ikiisha kuvutwa na kupigwa pini; kwa hiyo mteja mwenye busara husimama pale pale kiti kinapofunguliwa, akaibonyeza sponji kwa kidole gumba na kutazama kama inarudi upesi.

Siku moja asubuhi alifika mama kutoka kambini, amebeba kiti kichwani. Pikipiki ilikuwa ya mkopo, ikilipiwa kila wiki, na mwanawe aliyeiendesha alikuwa ameanza kuumwa kiuno hata akawa anarudi nyumbani saa nane mchana. Fundi wa kwanza alitaja bei na kunyoosha mkono akipokee kiti. Wa pili, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliuliza, "Mama, mwenye kukikalia yuko wapi?"

"Yuko kazini. Wewe tengeneza tu, fundi. Kesho asubuhi lazima aingie barabarani."

"Samahani, mama. Nikikata bila kumwona, nitakuwa nimekata kwa kubahatisha, na sponji ikiisha kukatwa hairudi."

Mama alikasirika, na ni haki yake, kwani nusu siku ya kazi si kitu cha mchezo kwa mwenye deni. Hata hivyo alimwita kijana, naye akafika na pikipiki, amekalia gunia lililokunjwa. Mzee alikifunga kiti kile kibovu mahali pake na kumwambia apande, ashike usukani, aweke miguu chini. Kijana alikuwa mfupi. Alisimama kwa ncha za vidole, na katika kila foleni ya magari kiuno chake kilipinda upande mmoja. Alimuuliza abeba abiria wa namna gani, apita njia gani, maumivu huanza saa ngapi. Ndipo kisu kilipotoka. Alipunguza pande zote mbili za mbele na kuongeza sponji ngumu nyuma, akampandisha tena kabla ya kuvisha ngozi, akapunguza tena. Kabla giza halijaingia kazi ilikwisha, na mama akaomba vile vipande vilivyokatwa, akavifunga katika leso kwa ajili ya kujazia mto.

Yafaa kumtazama fundi katika mambo mengine mawili. La kwanza ni mshono. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, hupenya katika kila tundu la sindano, sponji ikanywa maji na abiria akashuka na nguo zilizolowa. Fundi makini hutandika karatasi ya nailoni chini ya ngozi, na mishono huipeleka pembeni, mbali na mahali pa kukalia. Ngozi yenyewe isiwe na utelezi, hasa upande wa nyuma, ambako mara nyingi huketi mama mwenye mtoto mgongoni.

La pili ni ahadi. Malipo yote yakitangulizwa, kesho ya fundi huwa ndefu. Ni heri kutoa sehemu tu kwanza, na kuuliza waziwazi kama kiti kinaweza kurudishwa baada ya wiki moja, kwani sponji mpya hukaa na kujipanga kadiri inavyotumika, na kasoro huonekana barabarani. Fundi akatazaye jambo hilo huwa amekwisha kujibu. Yule mzee wa Katwe hulitaja mwenyewe pasipo kuulizwa, na siku ya marekebisho hadai chochote isipokuwa ngozi mpya ikihitajika. Foleni kwake ni ndefu kuliko kwa jirani zake, na Jumamosi afaaye kumwendea ni yule aliyefika mapema.