Umeme nao hurudi nyuma

Najua nimepotea wiki nzima, ila yaliyonikuta acheni tu. Ngoja niwasimulie yasije yakawakuta na nyie.

Si mnajua naishi kwa shangazi huku Nkuhungu? Maji yakitoka usiku lazima mtu akeshe akichungulia tenki. Ndiyo projekti yangu ya mwaka wa mwisho ikazaliwa: saketi ya kuwasha na kuzima pampu yenyewe. Adapta ya volti 12, regyuleta 7805 ya kushusha hadi volti 5, na chipu ya ATmega328P. Upande wa volti 12 kuna kapasita kubwa na saketi ya rilei.

Basi bwana, usiku wa kuamkia presentesheni nikaona kosa kwenye programu. Nikachomoa adapta nikijua nipo salama, nikachomeka USBasp nipakie upya. Kumbe nayo inaleta volti 5 kutoka kwenye laptopu! Zikaingia kwenye mguu wa kutolea wa 7805 wakati mguu wa kuingizia hauna kitu, zikapita humo ndani kinyumenyume. Programu ikaingia vizuri tu. Narudisha adapta, harufu! Kupima pale pa volti 5, nakuta 11 na ushee. Regyuleta ilishakufa, inapitisha umeme kama waya. Na chipu ile mwisho wake ni volti 6.

Nilisimama mbele ya walimu na bodi mfu. Nimepewa wiki moja.

Nikampelekea fundi redio wa mtaani. Mzee akacheka: "Mjukuu wangu, pampu ya shangazi yako si ina valvu ya kuzuia maji yasirudi? Sasa huku umeweka nini?"

Dawa yenyewe bei ya soda. Dayodi 1N4007 kati ya miguu hiyo miwili ya 7805, upande wenye mstari ukae kwenye volti 12. Umeme ukirudi unapita kwenye dayodi, regyuleta inapona. Ila laptopu bado itabebeshwa vya upande wa volti 12, kwa hiyo nimeongeza jampa baada ya regyuleta. Nikipakia programu naitoa, nikimaliza naichomeka.

Ijumaa narudi mbele yao. Shangazi anasema nikifeli nitakesha kwenye tenki mwenyewe. Niombeeni wandugu. Tuko pamoja!