Ami Aliyezisoma Meli

Ukitaja Winson Green mbele ya watu wa Birmingham, wengi hufikiria gereza. Limesimama pale tangu 1849, na ndilo alilotoroka Charlie Wilson, mmoja wa wezi walioipora treni ya posta, mwaka 1964. Mwaka 2014 televisheni ikaionyesha James Turner Street, barabara ya huko huko, ikaanika ufukara wa watu, na mtaa ukapata jina baya jingine juu ya lile la kwanza. Mimi namkumbuka Ami.

Alikuwa mtu wa Mji wa Kale, Mombasa. Utoto wake ulipita majahazini, ujana kwenye meli za mizigo, na nguvu zilizobaki akazimalizia kwenye kiwanda cha chuma Smethwick, jirani na mtaa wetu. Hakuwa ami yangu wa damu; sote tuliokulia kwenye nyumba zile za matofali mekundu tulimwita hivyo. Jumamosi akiwa hana zamu alitupandisha basi namba 11, tukashuka upande wa chuo kikuu, kisha miguu hadi Barber Institute, nyumba ya sanaa iliyofunguliwa 1939.

Picha aliyoirudia kila mara ni ya Murillo wa Sevilla, harusi ya Kana, iliyochorwa karibu mwaka 1672. Ilikuwa mali ya Nicolás de Omazur, tajiri wa hariri kutoka Flanders. Maharusi wapo, mitungi ya maji ipo, na miongoni mwa watumishi yupo mtoto mweusi. Sevilla ya siku zile ilikuwa na watumwa wengi wa Kiafrika. Sisi watoto tulitazama nguo na vyakula. Ami alimtazama yule mtoto. "Huyu naye ana kwao," alisema, "na ana mama aliyemzaa."

Mvua ikizidi tulikwenda Central Library. Huko ndiko nilikoona nakala ya kitabu cha miji cha Braun na Hogenberg, kilichochapwa Köln mwaka 1572: ukurasa mmoja, juu Aden, chini Mombasa, Kilwa na Sofala. Ami aliinama juu ya Mombasa kwa muda mrefu, kidole kikifuata maji, akitueleza chombo huingiaje bandarini wakati wa kaskazi na wakati wa kusi. Kisha akatuhadithia picha nyingine, zisizopatikana Birmingham. Ndani ya Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati wa Milano, ipo michoro ya meli na watu, nyeusi na nyekundu, waliyoiacha Wareno ukutani katika karne ya 17. Ami alisema waliochora walikuwa watu wa bahari, si mafundi wa picha. Kwa nini, Ami? Kwa sababu kamba zimefungwa panapofungwa kamba. Nyuso wamezichora ovyo, matanga hawakuyakosea.

Hiyo ndiyo kazi ya mhifadhi wa sanaa: kumtambua mchoraji kwa kile ambacho mkono wake unakijua. Wengine huisomea kwa miaka. Ami aliifanya kwa ujuzi wa majahazi, na hakuna aliyekaa naye akaandika.

Central Library ilibomolewa 2016. Jumba la makumbusho la jiji lilifungwa 2020, na hadi 2024 lilikuwa likifunguka na kufungika. Mwaka 2023 halmashauri ilitangaza kwamba haimudu tena matumizi yake, na ruzuku za sanaa zikakatwa. Ami tulishamzika.

Na ni sasa ndipo makumbusho mengi yanapotaka kujua watu weusi wa picha kama ile ya Murillo ni akina nani. Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar, aliyatangulia: mwaka 2004, katika Naming the Money, alisimamisha sanamu bapa 100 za watumishi wa Kiafrika, urefu wa mtu mzima, kila mmoja na jina la kwao na lile alilobandikwa na bwana wake. Nafasi za utafiti kwa wahifadhi chipukizi zipo, na ni nafasi nzuri kwelikweli: mwaka mmoja au miwili, mshahara, kuingia ghalani, ruhusa ya kugeuza picha na kusoma mihuri na namba za mgongoni zinazoonyesha imepita mikononi mwa nani.

Binti wa jirani yangu ameomba kadhaa. Huniletea matangazo tuyasome pamoja: shahada ya uzamivu, Kiitaliano, Kiholanzi, Kilatini. "Khalati, Kiswahili na Kiarabu niviandike wapi?" Nikamwambia aviandike juu kabisa. Mahali pamoja walimwita kwenye usaili. Akawaeleza habari za meli za Fort Jesus na zile kamba, nao wakamsikiliza vizuri, kisha wakamuuliza maelezo hayo yameandikwa wapi. Hayakuandikwa popote. Hakupata nafasi ile.

Lamu bado wapo manahodha waliokulia majahazini, na wengine umri umekwenda. Atakayepewa nafasi ya mwaka ujao apelekwe kwao kwanza, na kinasa sauti na picha za zile meli mkononi, kabla hajapelekwa Roma.